Sanamu ya sukari iliyofufua jasho la watumwa kiwandani

KIWANDA cha sukari cha Domino, kando ya mto East River mtaani Brooklyn, jijini New York, kilifungwa mwaka 2004 baada ya kusafisha sukari kwa karibu karne moja na nusu. Miaka 10 baadaye, ghala lake moja lililosubiri kubomolewa lilifunguliwa kwa umma kwa wiki nane tu, kuanzia Mei 10 hadi Julai 6, 2014. Zaidi ya watu 100,000 walipanga foleni kuingia, na hawakutozwa hata senti moja.

Kilichowavuta ni kazi ya Kara Walker, msanii Mmarekani mweusi aliyejulikana kwa picha za vivuli zilizokatwa kwa karatasi nyeusi, zinazosimulia ukatili wa enzi za utumwa.

Mgeni alilakiwa kwanza na harufu. Kuta zilikuwa nyeusi kwa molasi iliyoganda miaka nenda miaka rudi, na hewa ilinuka sukari iliyoungua, harufu ambayo yeyote aliyewahi kupita karibu na mitambo ya sukari guru magharibi mwa Kenya hawezi kuisahau.

Mwishoni mwa ghala hilo refu alilala mwanamke mweupe pepepe, kimo chake zaidi ya mita 10 na mwili wake zaidi ya mita 20. Alilala kifudifudi kama sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha binadamu, ila yeye alikuwa uchi, mwenye sura ya Kiafrika na kilemba cha mpishi wa nyumbani kwa bwana. Ndani yake mlikuwa na vitalu vya plastiki nyepesi. Juu yake ilipakwa sukari tani kwa tani, iliyotolewa bure na kampuni yenyewe ya Domino.

Mbele yake walisimama watoto wa kiume wenye rangi ya molasi, wamebeba vikapu na ndizi. Baadhi yao walifinyangwa kwa sukari tupu iliyoyeyushwa kama peremende. Joto la kiangazi lilipopanda, walianza kutiririka sakafuni, wakavunjika mikono na miguu. Vipande hivyo havikutupwa. Viliwekwa ndani ya vikapu vya wenzao waliokuwa wangali wamesimama.

Jina la kazi hiyo, A Subtlety, ni la kale. Huko Ulaya, karne nyingi zilizopita, sukari ilipokuwa ghali mno, wafalme walipambiwa meza za karamu kwa vinyago vya sukari vilivyoitwa hivyo. Bei ilishuka baadaye kwa sababu moja kuu: mashamba ya miwa ya Karibea na Brazili yalilimwa na watumwa. Kati ya Waafrika zaidi ya milioni 12 waliosafirishwa kupitia bahari ya Atlantiki, wengi waliishia kwenye miwa. Sukari mbichi ya kahawia ilipelekwa katika viwanda kama hicho cha Brooklyn, ikachujwa kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe hadi ikawa nyeupe. Kwa hiyo weupe wa mwanamke yule haukuwa pambo. Sanamu hiyohiyo ikiwekwa katika jumba safi la makumbusho ingekuwa kioja tu. Humo ghalani, kuta zenyewe zilitoa ushahidi.

Si wote waliousikia. Wageni wengi walipiga picha za mzaha wakijifanya kuyashika matiti na makalio ya sanamu, kisha wakazisambaza mitandaoni. Jambo hilo liliwachoma wageni weusi, na mwezi Juni baadhi yao wakafika pamoja kwa wingi ili waitazame kazi hiyo kwa heshima. Walker hakushangaa. Alikuwa amewarekodi watazamaji, na baadaye mwaka huohuo akaionyesha filamu hiyo kama kazi nyingine ya sanaa.

Ghala lilibomolewa. Bustani ya umma ilifunguliwa mahali pa kiwanda mwaka 2018, na jengo kuu la matofali, lililohifadhiwa kisheria, likageuzwa kuwa ofisi. Sanamu nayo ilivunjwa, isipokuwa mkono wa kushoto, uliokunjwa ngumi huku kidole gumba kikichomoza katikati ya vidole. Mwaka 2017 mkono huo ulionyeshwa katika kisiwa cha Hydra, nchini Ugiriki, ndani ya jengo lililokuwa zamani kichinjio.