Kitshanga: Pomadi ya dawa si mafuta ya uso ya kila siku

KITSHANGA – Katika masoko ya Masisi, kama kwingine Kivu ya Kaskazini, mafuta ya uso huuzwa karibu na sabuni na chumvi. Kando ya makopo ya mafuta ya kawaida huwekwa pia tyubu ndogo za pomadi za dawa. Wengi huzinunua bila karatasi ya daktari, wakitaka kuondoa chunusi au kung'arisha uso. Hapo ndipo matatizo huanza.

Nyingi za pomadi hizo zina kortikoidi, kwa mfano klobetasoli au betametasoni. Ni dawa za kweli, zinazotuliza uvimbe na kuwasha. Lakini ngozi ya uso ni nyembamba. Mtu akizipaka kwa wiki nyingi, ngozi hukonda, mishipa midogo ya damu huonekana na chunusi huongezeka. Akiziacha, uso huwasha na kuwa mwekundu, naye huona kwamba hawezi kuishi bila pomadi ile.

Hatari nyingine haionekani haraka: pomadi hizo huficha ugonjwa. Ukungu wa ngozi hutulia kwa siku chache, kisha husambaa. Hivyo hivyo kwa upele, ambao huambukiza kwa urahisi mahali familia nyingi hubanana. Kitshanga imepokea wahami wa vita kwa miaka mingi, na huko mtu mmoja akipata upele, nyumba nzima inapaswa kutibiwa pamoja.

Tena kuna mpox. Agosti 14, 2024, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya kimataifa, baada ya kuenea Kongo na nchi jirani. Dharura hiyo iliondolewa Septemba 2025, lakini dalili ni zile zile. Mtoto mwenye homa, tezi zilizovimba na vipele usoni hahitaji mafuta, anahitaji kupelekwa kituo cha afya.

Maneno mengine ya mtaani pia hudanganya. Husemwa kwamba chunusi ni uchafu, basi mtu husugua uso mara 5 kwa siku. Ukweli ni kwamba chunusi hutokana na mafuta ya ngozi, vitundu vilivyoziba, vijidudu na homoni. Kusugua huzidisha jeraha, na kuminya huacha madoa meusi. Ndimu na dawa ya meno nazo huchoma ngozi, na ndimu ikikutana na jua inaweza kuleta malengelenge.

Husemwa pia kwamba ngozi nyeusi haiogopi jua. Ina kinga zaidi, lakini huungua, na katika milima ya Masisi miale ya jua ina nguvu kuliko mabondeni. Watu wenye ualbino ndio walio hatarini zaidi.

Kuhusu kujichubua, hidrokinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi ya kibuluu yasiyotoka. Zebaki, iliyomo katika baadhi ya sabuni na mafuta ya kung'arisha, huharibu figo. Rwanda ilianza msako mkali dhidi ya bidhaa hizo mwishoni mwa 2018. Mwaka 2023, mkutano wa nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata uliamua kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo 2025.

Uangalizi mzuri wa uso hauna gharama kubwa: maji safi na sabuni isiyo kali mara 2 kwa siku, mafuta ya kawaida kidogo, na kofia au kitambaa wakati wa kulima.

Aliyekwisha kuzoea pomadi kali asiiache ghafla peke yake. Aende kituo cha afya akiwa na ile tyubu mkononi, muuguzi asome kilichoandikwa juu yake.