Mitishamba na ukomo wa hedhi: Kuna yasiyotibika kwa magome

KWA Kikipsigis dawa huitwa kerichek, na katika masoko ya Kericho na Bomet mizizi na magome ya miti bado huuzwa. Baadhi ya wanawake huyatafuta wafikapo ukomo wa hedhi, aghalabu kati ya miaka 45 na 55. Wakati huo homoni ya estrojeni hupungua, na mchuma majani chai huweza kushikwa na joto la ghafla kikapu kikiwa bado mgongoni.

Soya, iliyochunguzwa sana, ina viambato vinavyofanana na estrojeni, ila nafuu yake ni ndogo na hutofautiana baina ya mtu na mtu. Wengine hupata ahueni kwa kupunguza chai kali (ushauri mgumu eneo hili!), kwani kafeini huweza kuchochea joto hilo.

Hatari kubwa huzuka mgonjwa anapomficha daktari. Baadhi ya mitishamba huvuruga dawa za presha au za kupunguza makali ya Ukimwi. Isitoshe, damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi huweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba. Hiyo yapasa kuchunguzwa mara moja hospitalini, hata kama maumivu hayapo.