Mafundi wakiadimika, magari ya kale yataponea wapi?

Katika ukanda wa miwa wa Muhoroni, Kaunti ya Kisumu, si ajabu kukutana na Land Rover au Peugeot iliyoundwa zaidi ya miaka 40 iliyopita ikiwa bado inapanda milima kuelekea Kericho. Si ajabu pia kuliona gari la aina hiyo hiyo likiwa limeegeshwa chini ya mwembe, nyasi zikiota kati ya magurudumu yake. Swali linalowakabili wapenzi wa magari hayo ni moja: je, kizazi kijacho kitayaona yakitembea, au kitayasikia katika masimulizi pekee?

Kwanza ifahamike kwamba si kila gari la zamani huitwa la kale kwa maana ya uraibu huu. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria iwapo limetimiza angalau miaka 30, limehifadhiwa katika hali yake ya asili na halitumiki kama chombo cha usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu zaidi kwetu. Gari la kale la mashambani halijastaafu. Bado linabeba mahindi, mbolea na wagonjwa. Ndiyo maana mstari unaotenganisha gari kongwe lenye hadhi na gari kuukuu ni mwembamba sana.

Mapenzi ya Wakenya kwa magari hayo hayakuzuka hivi hivi. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yaliyafanya majina ya magari kuwa maarufu kama majina ya wanasoka. Mwaka 1963, magari 84 yalianza mashindano hayo lakini saba pekee ndiyo yaliyomaliza, na lililoibuka mshindi lilikuwa Peugeot 404. Aina hiyo ilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Kati ya ushindi huo, mwaka 1965, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant wakiendesha Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika. Funzo ambalo wananchi walipata ni kwamba gari lililojengwa imara na kutunzwa na fundi hodari linaweza kulishinda jipya.

Baadaye ikaja Peugeot 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968. Gari hilo liliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi mwaka 2004, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuliunda. Kwa wasafiri wengi wa nyanda za magharibi, neno "Peugeot" lilikuwa na maana ya matatu ya masafa marefu iliyowafikisha Nairobi kwa kasi ambayo wengine hawapendi kuikumbuka.

Leo uraibu huu una majukwaa yake. Mashindano ya umaridadi wa magari, Concours d'Elegance, yamekuwa yakiandaliwa jijini Nairobi tangu mwaka 1970 na chama cha wamiliki wa Alfa Romeo. Mwaka 2003, yalianzishwa mashindano ya East African Safari Classic Rally kwa ajili ya magari ya enzi zilizopita. Hata hivyo, majukwaa hayo ni ya wenye uwezo. Mkulima wa Muhoroni mwenye Land Rover ya marehemu babake hana karakana ya kibinafsi wala fedha za kuagiza vipuri ng'ambo. Iwapo uraibu huu utaachiwa matajiri wa jijini pekee, magari mengi yaliyoko mashambani yatapotea kimyakimya.

Sababu ya kwanza ni kwamba idadi ya magari haya ni vigumu kuongezeka. Kanuni za ubora nchini huzuia uingizaji wa magari yaliyotumika yaliyopita umri wa miaka minane tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza. Kanuni hiyo ina manufaa yake kwa usalama na mazingira, lakini maana yake kwa mpenzi wa magari ya kale ni kwamba Peugeot 404 ikikatwakatwa leo, si rahisi kupata nyingine ya kujaza nafasi yake.

Na wakataji wapo. Gari lisilotembea huwa na thamani ya uzani wake katika mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Biashara hiyo inasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na Januari 2022 serikali iliisitisha kwa muda kufuatia uharibifu wa miundombinu ya umeme. Baadaye iliruhusiwa kuendelea. Familia yenye dhiki ya karo haiwezi kulaumiwa kwa kuuza chuma kilicholala uani, hasa ikiwa haijui kwamba injini na milango ya gari hilo inatafutwa na mtu mwingine kama dawa.

Sababu ya pili ni mafuta, na hapa Muhoroni ina historia yake. Magari mengi ya zamani yaliundwa kutumia petroli yenye madini ya risasi, ambayo yalikinga valvu na sehemu zinapokalia dhidi ya kulika. Petroli hiyo iliondolewa Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa sababu nzuri ya kulinda afya, hasa ya watoto. Fundi mjuzi hulitatua tatizo hilo kwa kuweka vikalio vya chuma kigumu zaidi.

Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1983 hadi 1993, Kenya iliuza petroli iliyochanganywa na ethanoli. Kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company, kilichoko Muhoroni, ndicho kilichoikamua ethanoli hiyo kutoka kwa molasi, masalio ya sukari. Wazo la kuurejesha mchanganyiko huo limeibuka mara kadhaa, na kwa mkulima wa miwa lina mvuto: soko jipya la zao lake. Kwa mwenye gari la kale, ni jambo la tahadhari. Ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya zamani, na huvuta unyevu unaoozesha tangi, hasa gari likikaa wiki nyingi bila kuwashwa. Dawa yake ni kubadilisha mipira hiyo na kutoliacha gari likilala na mafuta ya zamani ndani.

Matatizo hayo yote yana tiba, lakini tiba inahitaji daktari. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Injini ya gari la kisasa huongozwa na kompyuta, na fundi kijana hufunzwa kuunganisha kifaa kinachomwonyesha kasoro. Gari lenye kabureta halina la kumwambia kupitia kioo. Lazima alisikilize linavyonguruma, aitazame rangi ya plagi na kuukaza msumari wa hewa kwa robo mzunguko. Ujuzi huo ulirithishwa kwa mikono katika gereji za jua kali na karakana za viwanda vya sukari. Fundi mkongwe akistaafu bila mwanafunzi, hufunga mlango na ufunguo akaondoka nao.

Yapo yanayowezekana bila kusubiri fedha za serikali. Vyuo vya kiufundi vinaweza kuwaalika mafundi wakongwe kufundisha somo la kabureta, maarifa ambayo pia hufaa katika pampu za maji na jenereta ndogo. Wamiliki wa eneo moja wanaweza kuweka orodha ya vipuri walivyo navyo na kubadilishana.

La mwisho ni hati. Magari mengi hukwama kwa sababu mmiliki aliyeandikwa kwenye kitabu cha usajili alifariki, na warithi hawakuwahi kuufuatilia mirathi mahakamani ili jina libadilishwe. Gari la namna hiyo haliwezi kuuzwa kihalali kwa anayelithamini, hivyo huishia kwa asiyeuliza maswali. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye gari la kale ambaye angependa wajukuu waliendeshe na aanze kwa kuitafuta hati hiyo leo, angali hai, na kumwita kijana mmoja amwonyeshe jinsi ya kuliwasha.