Treni Kupishana Katika Reli Moja

Katika michezo ya kompyuta inayomfanya mchezaji kuwa mwenye shirika la reli, ambayo mashuhuri kati yake ni Transport Tycoon alioutunga Chris Sawyer mwaka 1994, na mrithi wake OpenTTD upatikanao bila ya malipo, mwanafunzi huanza kwa taksiri moja: akiona abiria wamerundikana stesheni hununua treni nyingine, na hiyo isipotosha hununua ya tatu, hata reli nzima ikasimama. Laiti angetoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, akaitazama reli kongwe inapopita pale Kamata, angetambua kwamba mali ya reli si vichwa wala mabehewa, bali ni nafasi ya kupishana.

Reli hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ni njia moja. Na tangu tarehe 29 Oktoba 2012 treni ya abiria wa mjini, iliyoanza baina ya Stesheni na Ubungo, imekuwa ikigawana njia hiyo na treni za bara na za mizigo ya bandari. Kanuni yake ni kongwe kuliko michezo yote: reli hukatwa vipande, na katika kila kipande haiingii ila treni moja.

Tufanye hesabu ya mfano. Kipande cha mwendo wa dakika 20, ukipeleka treni moja na kupokea moja, hukula dakika 40. Ongeza dakika 5 kila upande za kutoa ruhusa na kugeuza njia, zinakuwa 50, yaani katika saa 10 hupitishi zaidi ya treni 12 za kwenda na 12 za kurudi. Jenga njia ya kupishania katikati, hesabu ishuke hadi dakika 30, upate 20 kwa 20 pasi na kununua kichwa kipya. Hazikufika 24, kwa kuwa zile dakika za ruhusa hazigawanyiki.

Wapo wanaotaka faida hiyo bila ya gharama. Husimamisha taa ya pande mbili katikati ya kipande. Treni ya mashariki huona nusu yake i tupu ikaingia, ya magharibi nayo vivyo hivyo, zikakabiliana chini ya taa iliyo nyekundu kwa zote mbili, wala hapana suluhu ila moja irejee ilikotoka. OpenTTD ina taa nyingine isiyoiachia treni mpaka ijiwekee njia yote hadi pahali salama pa kusimama, na hivyo ndivyo afanyavyo stesheni masta anapoiuliza stesheni ya mbele kwanza.

Reli mpya ya kisasa (SGR), iliyoanza kubeba abiria wa Morogoro tarehe 14 Juni 2024, hupita darajani juu ya mji, na ruhusa humfikia dereva kwa redio. Lakini nayo, nje ya stesheni na sehemu za kupishania, ni njia moja.

Jambo la mwisho hupuuzwa sana na wachezaji, nalo ni urefu. Treni ya mizigo ikizidi njia ya kupishania, haiwezi kujitenga kando. Basi treni fupi ya abiria, ijapokuwa ratiba imeipa haki ya kutangulia, ndiyo itakayongoja.