Kipepeo jike anayevaa sura ya mwingine: nilimpata kwenye kitalu cha machungwa

Wiki hii naweka pembeni mbolea na bei za soko, nizungumzie kipepeo. Subiri kwanza, usiondoke! Kama una kitalu cha miche ya machungwa, malimau au ndimu, hasa jirani na msitu, hii inakuhusu moja kwa moja. Inagusa hela unayotumia kununua dawa.

Ni kipepeo gani huyu?

Kitaalamu anaitwa Papilio dardanus. Dume kumwona si kazi. Ni mkubwa, ana njano iliyopauka na kingo nyeusi, na mabawa ya nyuma yana mikia miwili. Ukipanda kutoka Morogoro mjini kuelekea Morningside jua likiwa limeshika vizuri, unaweza kumkuta akifuata ukingo wa msitu, anakwenda na kurudi kama mlinzi wa zamu.

Kasheshe ni jike. Sehemu kubwa ya Afrika jike hana mikia wala ile njano. Anaiga vipepeo wengine kabisa. Mmoja utamkuta mweusi mwenye mabaka meupe, nakala ya Amauris niavius. Mwingine ana rangi ya chungwa na ncha nyeusi, nakala ya Danaus chrysippus, yule anayezurura kila shamba. Hao wanaoigwa wana sumu, inayotokana na mimea wanayokula, na ndege akishaonja mmoja harudii. Jike wa dardanus hana sumu yoyote, amevaa sare tu. Ukienda Madagaska mambo ni tofauti: huko majike wanafanana na madume, mikia na yote.

Wataalamu wenyewe walichanganyikiwa. Waliwaandika majike hao kama spishi tofauti, mpaka Roland Trimen, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipoeleza mwaka 1869 kwamba wote ni spishi moja. Baadaye watu walilea viwavi kutoka mayai ya jike mmoja, wakatoka majike wa sura tofauti. Ubishi ukaisha.

Kwa hiyo ukimtafuta jike huyu, unaweza kumpita mara kumi na kila mara ukasema, "Aa, huyu ni yule wa kawaida."

Nilimtafuta kupitia mmea

Sisi wa ugani tuna kanuni moja: ukitaka kumjua mdudu, anza na anachokula. Viwavi wa dardanus wanakula miti ya ukoo wa michungwa. Porini ipo mingi, ukifikicha majani yake yananukia karibu na limau. Na machungwa ya shambani pia wanakula. Dume anaweza kuzunguka ukingoni mchana kutwa, lakini jike ana haja ya jani la kutagia. Basi nikaamua kukaa penye majani.

Mwishoni mwa masika nilikuwa Tegetero, upande wa mashariki wa Uluguru, kwa kijana mmoja mwenye kitalu cha machungwa. Kitalu chake kinapakana na kichaka kinachoshuka kutoka msituni. Alinipokea bomba likiwa tayari mgongoni.

"Shikamoo, bwana shamba. Umekuja wakati mzuri, leo nawamaliza hawa. Wamenilia miche yote ya mwezi jana."

"Marahaba, mdogo wangu. Nipe saa moja tu kabla hujapiga."

Aliweka bomba chini, lakini uso ulionyesha hajaridhika. Nilimwelewa. Mche uliobebeshwa ukiliwa majani yote unadumaa, na mteja hanunui mche uliodumaa.

Kama saa tano hivi akaja kipepeo mweusi mwenye mabaka meupe. Alizunguka miche chini chini, akatua kwenye jani changa, akaligonga kwa miguu ya mbele kama anaonja, akakunja tumbo, akaacha yai moja la njano iliyopauka. Akahamia mche mwingine. Nilipiga picha kama 40. Zilizofaa ni tatu, na moja kati ya hizo ilimaliza kazi kwa sababu ilionyesha miguu.

Sikia siri hii. Amauris na Danaus wanasimamia miguu minne, ile miwili ya mbele imefupika na kukunjwa kifuani. Dardanus anasimamia sita. Tulikuza picha kwenye simu tukahesabu pamoja: sita. Na yai lilikuwa kwenye mchungwa, mahali ambapo Amauris halisi hana sababu ya kutaga.

"Kwa hiyo huyu ndiye anayenilia miche?" akauliza.

Tukakagua mche kwa mche. Viwavi wengi aliokuwa nao nadhani walikuwa wa binamu yake, Papilio demodocus, yule mweusi mwenye madoa mengi ya njano, ambaye ndiye mla michungwa mkuu huku kwetu. Viwavi wadogo wa hawa wawili wanafanana, wote kama kinyesi cha ndege, ndiyo maana sikumhakikishia kila kimoja. Lakini hesabu ilikuwa wazi: miche mingi haikuwa na kiwavi hata mmoja. Alikuwa anataka kupulizia kitalu kizima kwa ajili ya miche michache. Alianza kuokota kwa mkono. Bomba hakulimwaga, alisema wakizidi atalirudia. Ni haki yake, kitalu ni chake.

Kwa kitalu chako

- Kagua miche mara mbili kwa wiki, hasa majani machanga. Mayai ni ya mviringo, moja moja.
- Okota viwavi kwa mkono. Kiwavi mkubwa wa kijani akishtuka hutoa kitu kama pembe mbili zenye harufu kali. Hakuumi, usiogope.
- Funika miche midogo kwa neti. Kipepeo asipofika kwenye jani, hatagi.
- Mchungwa mkubwa wenye afya unavumilia viwavi wachache. Hapo usipoteze dawa.
- Wakizidi kweli, uliza duka la pembejeo dawa ya bakteria aina ya Bt, ilenge miche iliyoshambuliwa tu. Sumu inayoua kila mdudu inaua pia nyuki wanaochavusha na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, yaani vibarua wako wasiolipwa. Na kumbuka maji ya milima hii yanaingia mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa.

Kwa picha yako

- Nenda asubuhi jua likishapasha joto, sogea taratibu, kivuli chako kisimwangukie.
- Piga ubavuni ili miguu ionekane, kisha juu ya mabawa.
- Piga na mmea aliotua. Mara nyingi mmea ndio unaokupa jibu.
- Mwache alipo. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, hukamati mdudu bila kibali.

Je, kuna biashara hapo?

Najua mtauliza. Amani, wilayani Muheza, wanakijiji walifuga vipepeo na kuuza pupa kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Hela iliingia kweli. Mwaka 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakiwemo, soko likakatika. Kwa hiyo usikurupuke. Kabla ya kujenga banda, uliza sheria ya sasa inasemaje.

Na picha yenyewe ina hatari yake. Chini ya milima yetu kuna msitu mdogo wa Kimboza, nyumbani kwa mjusi mdogo wa rangi ya buluu. Wafanyabiashara walimkamata kwa maelfu kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo, wakikata hata mikadi anamoishi. Tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Ukipata picha ya kiumbe adimu, ionyeshe kwa fahari, ila zima alama ya mahali kwenye simu na usitaje kichaka.

Kesho asubuhi, kabla hujajaza bomba, pita kwenye miche yako na simu mkononi. Ukimwona mweusi mwenye mabaka meupe anataga, hesabu miguu.

Kazi njema, tukutane shambani.