Mnana wa Kilifi na Mipaka ya Hifadhi

Mnana wa Kilifi, ndege mdogo wa rangi nyeusi na manjano, haonekani popote duniani isipokuwa katika kaunti hiyo moja ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913, ila kiota chake hakikujulikana hadi 2013. Karne nzima ndege alikuwepo, tena hakuwa amejificha: makundi yake yalionekana Arabuko-Sokoke, msitu wa takriban kilomita za mraba 420, yakisaka wadudu kwenye vilele vya miti ya mirihi, kisha yakatoweka msimu wa kuzaliana ulipowadia. Jawabu lilipatikana Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki, ambako minana hao walikutwa wamesuka viota kwenye nyasi za jamii ya ndago, katikati ya kinamasi kinachojaa mvua zikinyesha na kukauka zikikatika.

Ugunduzi huo unavuruga dhana tuliyoizoea, kwamba hifadhi ikishawekewa mipaka, viumbe wake wamenusurika. Arabuko-Sokoke ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1943, wakati ambapo miti ilithaminiwa kwa mbao zake na hakuna aliyejua mnana huyu huzalia wapi. Dakatcha haina ulinzi wa namna hiyo. Ni ardhi ya watu, wanaolima mananasi, wanaochoma makaa, na ambako uliwahi kuletwa mpango wa kufyeka maelfu ya hekta ili kupanda mbono kaburi wa kutengenezea mafuta. Mpango ulikwama baada ya kupingwa vikali. Ungepita, Arabuko-Sokoke ingebaki imesimama vilevile, na bado mnana angekosa pa kutagia.

Kuna watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: kwa nini mkulima wa Dakatcha abebe gharama ya ndege anayefurahisha wageni wenye darubini? Kusema kweli, mnana akitoweka hakuna shamba litakalokauka kwa sababu yake, na wanaodai vinginevyo wanatia chumvi. Utalii wa ndege nao una misimu, na fedha zake nyingi huishia hotelini Watamu na Malindi. Lakini pingamizi hilo linakosoa namna mapato yanavyogawanywa, halithibitishi kwamba uhifadhi na maisha ya watu haviwezi kwenda pamoja. Mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, uliwapa wakazi wa kando ya Arabuko-Sokoke kipato cha kufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo, katika eneo ambalo wengi walikuwa wakitaka msitu ugawanywe viwanja. Karibu na hapo, katika hori la Mida, ada za wageni wanaokuja kutazama ndege zimesaidia kulipia watoto karo ya sekondari.

Dakatcha inahitaji mpango wa aina yake, kwa kuwa kinamasi chenye viota mwaka huu huenda mwakani kisipate maji. Kuzungushia ua bwawa moja hakutasaidia sana. Wanaoweza kujua mvua imejaza wapi ni wafugaji na waongoza wageni wa hapohapo, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaziruhusu jamii kusajili ardhi yao na kujiwekea kanuni za kuitumia. Kanuni ya kutolima ndani ya vinamasi, hata vikiwa vikavu, haigharimu ekari nyingi, ila sharti iandikwe kabla ardhi haijauzwa vipande vipande.