Msumeno Unaomfaa Fundi Mwenye Ulemavu

Useremala ni miongoni mwa kazi zinazohitajika kila siku katika vijiji vya Kata ya Ihembe. Milango, madirisha, vitanda na madawati vyote hupita mikononi mwa fundi. Hata hivyo, kijana aliyepoteza mkono au mama anayetumia kiti mwendo huambiwa mapema kwamba kazi hiyo si yake. Mara nyingi kinachomzuia si ulemavu wenyewe, bali ni msumeno na meza vilivyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono miwili, anayefanya kazi akiwa amesimama.

Suala hili lina uzito kwa sababu linagusa fedha na mwili. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo ulionunua mashine isiyomfaa fundi hurejeshwa kwa taabu, nayo mashine hubaki kona ikishika kutu. Zaidi ya hayo, mwenye mkono mmoja akikatwa na msumeno, hana mkono wa akiba.

Kabla ya kununua, fundi ajiulize mambo matatu: mkono upi una nguvu ya kushika, je, ni rahisi kwake kusukuma au kuvuta, na anaweza kusimama au kukaa kwa muda gani bila maumivu.

Kwa fundi wa mkono mmoja, kifaa cha kwanza si msumeno bali ni jiriwa iliyofungwa imara mezani, pamoja na klampu. Vifaa hivyo hushika mbao badala ya mkono wa pili. Kisanduku cha mbao chenye mifereji ya kuongoza msumeno husaidia kukata pembe kwa usahihi, na fundi anaweza kujitengenezea kwa vipande vilivyobaki.

Mwenye vidole dhaifu anahitaji mpini mnene. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha kazi, ukizungushwa vizuri kwenye mpini, huuongezea unene na kuzuia utelezi. Msumeno uwe mkali daima, kwani butu hudai nguvu nyingi na huteleza kirahisi.

Anayefanya kazi akiwa ameketi hawezi kuulalia msumeno kwa uzito wa mwili. Wengi wa aina hiyo hufaidika na msumeno ambao meno yake hukata unapovutwa, wenye bapa jembamba na usiohitaji nguvu nyingi. Meza yake iwe na nafasi ya kutosha kuingiza magoti, takriban sentimita 70 kutoka sakafuni, na isiwe na ubao wa kukingama mbele. Nafasi ya mviringo yenye upana wa sentimita 150 humwezesha kugeuza kiti mwendo. Sakafu ifagiliwe pumba mara kwa mara, na nyaya za umeme zisipite njiani.

Misumeno ya umeme hupunguza uchovu, lakini huongeza hatari. Msumeno wa duara wa mezani unaweza kuirusha mbao nyuma kwa ghafla, na aliyeketi mbele yake hawezi kukwepa haraka. Msumeno wa ukanda huikandamiza mbao chini, juu ya meza, hivyo hatari hiyo ni ndogo. Mashine yoyote iwe na kinga ya bapa na swichi ya kuzima iliyo karibu na mkono unaofanya kazi. Mbao isukumwe kwa kijiti, si kwa vidole. Mkono usifungwe kamwe kwenye mashine ya umeme kwa kamba au mkanda, wala swichi isifungwe ili ibaki imewashwa. Glavu nazo zisivaliwe karibu na bapa linalozunguka, kwani linaweza kuzinasa na kuuvuta mkono.

Fundi kiziwi asiguswe ghafla kutoka nyuma akiwa anakata. Wenzake wakubaliane naye ishara, kama vile kuwasha na kuzima taa. Fundi mwenye ualbino au uoni hafifu apangiwe sehemu yenye kivuli na mwanga usiomchoma macho, na atumie kizuizi kilichofungwa mezani ili kila kipande kipate urefu uleule bila kusoma futi kila mara. Mwenye kifafa, au anayetumia dawa zinazoleta usingizi, apate kwanza ushauri wa mtoa huduma za afya kabla ya kugusa mashine.

Wenye karakana nao wana wajibu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Karakana ndogo haifikii idadi hiyo, lakini kushusha meza moja hakuhitaji kusubiri sheria.

Wananchi wenye ulemavu wanaokusudia kuomba mkopo wa vifaa wanashauriwa kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ili kupata maelekezo ya taratibu zinazotumika sasa. Ni vyema kila mwombaji akaujaribu msumeno kwa mikono yake mwenyewe, akiwa na fundi mzoefu, kabla ya kuuandika katika orodha ya vifaa. Fundi hununua kifaa kwa kukishika, si kwa kuambiwa.